Mguu Usiogusa Breki

Wiki iliyopita mliniacha nimekalia ndoo ya siagi iliyogeuzwa, nje ya nyumba niliyoingia kama bibi harusi na kutoka kama mzigo. Nilikuwa na oveni moja, mabakuli yangu na ufunguo wa gari. Kwa mgeni wa safu hii nitaeleza haraka, maana mambo yenyewe hayana utamu wa kurudiwa.

Mimi ni mpishi wa keki za harusi. Mtaani wananiita Mama Keki. Mume wangu, samahani, ulimi bado haujazoea kusema aliyekuwa mume wangu, aliniacha akamchukua msichana niliyemfundisha kazi kwa mikono yangu miwili. Nilimpa jina la utani, Kidole, kwa sababu hapakuwa na bakuli la krimu alilolipita bila kulichovya. Mabakuli yalipomchosha akachovya ndoa yangu. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu hata aproni nilimnunulia mwenyewe.

Siku ya kugawana tulikaa sebuleni kwa baba mdogo wake. Nyumba ikaenda kwa mume wangu. Oveni ikaja kwangu. Likabaki gari la umeme, ambalo lina jina lake kwenye karatasi lakini ndilo lililobeba kila keki niliyouza. Bila gari hilo mimi si mpishi tena. Keki ya ghorofa tatu haipandi pikipiki wala haiombi lifti.

Wifi yangu, dada yake mkubwa, ndiye aliyeleta wazo. Alilileta kwa sauti ya asali.

“Baba mdogo, tusimwonee mtu. Gari libaki kwa Mama Keki muda wote litakapokuwa linapita ukaguzi wa mwaka. Siku litakapofeli, ina maana kulitunza kumemshinda. Lirudi kwa mwenyewe.”

Nusura nicheke mbele za watu wazima. Gari la umeme lifeli nini? Halitoi moshi, halivuji oili, halina hata bomba la kutolea moshi. Gari letu la zamani la petroli lilifeli kila mwaka mpaka wakaguzi wakawa wanamsalimia mume wangu kama shemeji yao. Aliponunua hili la umeme alisema mwenyewe, tena akipiga boneti kofi, kwamba litapita ukaguzi mpaka siku ya kiama.

Basi nikasema nimekubali, na kila aliyekuwepo awe shahidi. Wajinga ndio waliwao, wasomaji wangu, na mimi nilikuja na sahani.

Wengi mmeniandikia mkiuliza ukaguzi ulikwendaje. Haya, kaeni vizuri.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi. Niliosha gari kwa mpira wa maji mpaka ndani ya magurudumu. Nyuma nilikuwa na keki ya ghorofa tatu, kila ghorofa ndani ya boksi lake, juu ya godoro nene. Mteja aliagiza kwa simu na akakataa kutaja majina ya maharusi. “Utaandika ukifika,” alisema, “tunataka iwe siri.” Watu wa harusi wana vituko, sikuuliza. Nilipanga nipite ukaguzi kwanza, kisha niende ukumbini.

Mbele yangu kwenye foleni kulikuwa na lori la mchanga. Taa yake moja ya mbele ilikuwa imezungushiwa utepe mwekundu wa gundi, na lilikohoa moshi mpaka nikafunga vioo kwa ajili ya keki. Dereva wake akateremka, kijiti cha meno mdomoni, akaja kuegemea mlango wangu.

“Mama, mbona lako halina sauti? Limezimika?”

“Linawaka.”

“Ah, la umeme! Basi wewe umeshapita. Sisi wa moshi ndio wa kuteseka.”

Akaingia. Akatoka na stika mpya kwenye kioo na akanipigia honi ya kuaga. Nikajisemea, kama hilo limepita, mimi watanivisha nishani.

Mkaguzi alikuwa kijana mpole aliyekunja mikono ya ovaroli.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba. Hili ni la umeme, halitakuchosha.”

“Haya ya umeme ndiyo yanayonichosha,” alisema, na hakutabasamu.

Akakagua taa, zikawa sawa. Honi sawa. Akainama kwenye matairi, akapitisha kiganja upande wa ndani.

“Yamelika huku ndani. Betri nzito, gari linayakandamiza. Lakini bado yanafaa. Panda, uweke magurudumu ya nyuma kwenye rola. Nikikwambia kanyaga, kanyaga breki.”

Nikapanda. Rola zikaanza kuzungusha magurudumu.

“Kanyaga.”

Nikakanyaga. Nikasikia mkwaruzo chini, kama mtu anaburuta sufuria kwenye sakafu. Mshale kwenye kipimo ukainuka kidogo, ukarudi kulala.

“Kanyaga mama.”

“Nimekanyaga.”

“Kanyaga kama mtu anayetaka kusimama!”

“Nimekanyaga mwanangu, mguu umefika mwisho!”

Akazima rola. Akaliinua gari, akaniita nije chini yake nione kwa macho yangu. Nyuma ya magurudumu niliyoyang'arisha asubuhi ile, diski za breki zilikuwa za kahawia tupu, kama kikaango kilichosahauliwa nje msimu mzima wa mvua.

“Mama, wewe huwa unasimamaje?”

“Naachia mguu. Linapunguza mwendo lenyewe mpaka linasimama.”

“Na breki?”

“Za nini?”

Fundi wa mstari wa pili akaangua kicheko mpaka spana ikamtoka mkononi.

Nicheke na mimi? Nisikilizeni. Keki ya ghorofa na breki ni maadui. Zamani, na lile gari la petroli, mbuzi alikatiza barabara, nikakanyaga, na keki ya watu ikafika ukumbini ikiwa uji. Kwa hiyo siku mume wangu alipoleta hili la umeme, alikaa pembeni yangu, akaweka mkono juu ya goti langu na kunifundisha.

“Usiguse breki, Mama Keki. Achia mguu tu. Litasimama lenyewe taratibu, keki haitajua hata kama mmefika.”

Nilimpenda sana mwanamume yule siku ile. Nililishika somo lake kama sala. Tangu hapo mguu wangu ukasahau breki iko upande gani.

“Nimelitunza kama yai,” nilimwambia mkaguzi.

“Ndiyo tatizo. Umelitunza mno. Ukiachia mguu, mota ndiyo inayolizuia gari, na chaji inarudi kwenye betri. Breki zenyewe zinakaa tu, hazina kazi. Gari la petroli linakanyagwa kutwa, diski zinajisugua zenyewe. Hili lako linaoshwa, linalowa, halikanyagwi, linaota kutu. Watu wanakuja hapa wamejiamini, eti la umeme halifeli. Linafeli mama, tena vizuri sana. Injini hatuisemi kabisa. Ni breki, ni matairi, ni bushi, zile raba za chini.”

“Lakini lile lori la moshi limepita!”

“Breki zake zimeshika.” Akafikiri kidogo. “Leo. Sisi tunapima ya leo, mama. Ya kesho anayajua dereva.”

Akaliandika limefeli. Kisha huruma ikamshika, akanisogelea.

“Unaruhusiwa kulirudisha mara moja tu, mwisho kesho kabla hatujafunga. Kutu yenyewe nadhani ni ya juu juu. Tafuta barabara tupu. Weka gia huru ili mota isikusaidie, halafu kanyaga breki kwa nguvu. Rudia, rudia, rudia. Diski zikijisafisha, uje.”

“Na keki nyuma?”

“Keki ishushe, mama.”

Sijafika hata getini, simu ikalia. Matokeo ya ukaguzi hutumwa kwa mwenye jina kwenye karatasi, na mwenye jina hakuwa mimi.

“Mama Keki,” alisema aliyekuwa mume wangu, na kicheko chake kilikuwa kimetulia kama cha mtu aliyekuwa akisubiri. “Nimepata ujumbe. Ufunguo niufuate au utauleta?”

“Kuna kurudia. Wamenipa mpaka kesho.”

“Tulisema likifeli. Hatukusema likifeli mara mbili.”

“Tumpigie baba mdogo.”

“Mpigie hata babu.”

Nikampigia. Mzee yule hanipendi wala hanichukii, anapenda neno lake liheshimiwe, basi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakohoa.

“Mwanangu, neno ni neno. Lakini kama wenye ukaguzi wenyewe wanakupa nafasi ya pili, mimi ni nani nikunyime? Mpaka kesho. Likifeli tena, nisisikie kilio. Na katikati hapo usiniletee ugomvi na wenzako. Ukileta ugomvi, nafuta.”

Nilijikaza kisabuni, nikaenda kushusha keki.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, viti vimefungwa vitambaa vyeupe. Mlangoni, mikono kiunoni, alisimama wifi.

“Karibu, mpishi.”

Sauti ile ya asali. Ndiyo iliyoagiza keki kwenye simu, na mimi nikashindwa kuitambua kwa sababu alibana pua. Nyuma yake, kwenye kiti, alikaa Kidole, rola za nywele kichwani, mwanamke mmoja akimpaka rangi kucha. Vidole vyote kumi vimetandazwa.

“Dada, umefika!” alisema bila kuinuka. “Nilimwambia wifi, hakuna mwingine anayeweza kutengeneza keki ya hadhi yangu. Mimi sisahau fadhila.”

“Harusi ni ya nani?” niliuliza, kama mtu anayeona nyoka na bado anauliza ni nini.

“Ya kesho,” wifi akajibu. “Andika majina. La bwana harusi halitakusumbua, unalijua herufi kwa herufi.”

Nikasema siandiki. Wifi akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya baba mdogo, taratibu, ili nione.

“Anasema usilete ugomvi, au nimekosea?”

Nikachukua mfuko wa krimu. Kazi ni kazi, na mkono huu umeandika majina ya watu waliopendana na ya watu waliolazimishwa. Nikaandika la mume wangu. Chini yake nikaandika la Kidole. Nikaweka na kiua kati yao, kwa mazoea tu. Nilichukia kile kiua kuliko majina yenyewe.

Kidole akaja kutazama, akipuliza kucha.

“Limeinama kidogo jina langu. Wewe mwenyewe ulinifundisha, mwenye hasira hawezi kutengeneza keki nzuri. Usikasirike, dada.”

“Na liko chini ya la bwana,” wifi akaongeza. “Sisi tunalitaka juu. Hiki kighorofa cha juu kirudishe. Kesho asubuhi utuletee kingine nyumbani kwa bibi harusi, tupige nacho picha kabla ya kuja huku.”

Nikakibeba kwenye boksi, nikatoka. Nililia garini njia nzima, na kwa mazoea nililia taratibu ili keki isitikisike.

Nilikishusha kighorofa kwangu, nikaenda na gari tupu kwenye barabara ya nyuma ya maghala, ambako jioni huwa hakuna mtu. Nikakimbiza. Nikaweka gia huru. Nikakanyaga.

Ulitoka mlio ambao hata mimi nilitaka kumwomba mtu msamaha. Gari halikusimama, liliteleza kama mzee anayesita kuinuka. Nikarudi mwanzo. Nikakanyaga tena. Mlinzi wa ghala akatoka na rungu lake.

“Mama, gari lina shetani?”

“Lina kutu.”

Akafikiri. “Basi kanyaga.”

Na nikakanyaga. Kila nilipokanyaga nilikuwa na mtu akilini. Wifi alipata nyingi. Kidole alipata zake. Mume wangu nilimwacha wa mwisho, na nilipomfikia nilikanyaga mpaka kilemba kikanitoka kikaenda kugandama kwenye kioo. Mlinzi akawa anashangilia kama yuko mpirani. “Tena mama! Hiyo ilikuwa ndogo! Tena!” Ule mkwaruzo ukapungua, ukawa mnong'ono, ukaisha. Mara ya mwisho gari lilisimama papo hapo, pua chini, mkanda ukanikata bega.

“Hiyo imeshika,” mlinzi alisema, akasaluti.

Sijacheka hivyo tangu nitoke nyumba ile. Nilichungulia magurudumuni, nikaona diski zinang'aa kama sarafu mpya. Nikasema, kesho nikiamka gari ni langu.

Kesho ikafika na kighorofa kipya, jina la Kidole juu, kama walivyotaka. Nikakipeleka nyumbani kwa bibi harusi. Nilipanga nikishushe, nisiseme neno, niende kituoni moja kwa moja.

Wifi alikuwa nje tayari, simu sikioni. Akanipa simu bila salamu.

“Mwanangu,” ilikuwa sauti ya baba mdogo, “gari walilokodi limeharibika njiani. Wachukue maharusi wewe, uwafikishe ukumbini. Hapo hapo ndiyo njia yako ya ukaguzi, hupotezi kitu. Ukikataa, watu watasema nimezaa ukoo wa chuki, na mimi nafuta neno langu.”

Nifanyeje? Wakaingia. Mume wangu alikaa mbele, pembeni yangu, suti mpya, marashi yale yale niliyomnunulia. Nyuma akaingia Kidole na shela lake lililojaza gari zima kama povu, na wifi akiwa amepakata keki kwenye magoti, nje ya boksi, ili isipoteze umbo. Mimi nilikuwa na aproni.

Nikaondoka taratibu. Mbele yetu kulikuwa na mteremko mrefu unaoshuka mpaka kwenye makutano yenye taa, na ukivuka ndipo ukumbi ulipo.

“Pole pole,” alisema mume wangu. “Usiguse breki, Mama Keki. Achia mguu tu.”

Aliyasema kwa sauti ile ile. Mbele ya bibi harusi wake, alitumia sauti yetu. Moyo wangu ulichomwa, sitawadanganya.

Nyuma, Kidole akacheka.

“Mbona mimi unaniambia nikanyage?”

Gari likawa kimya. Ni gari la umeme, lakini hapo lilikuwa kimya zaidi.

“Unakanyaga nini?” nilimuuliza, nikimtazama kwenye kioo.

“Breki. Ananifundisha kwa gari la rafiki yake, ni kama hili hili. Anasema mwaka jana alipolipeleka hili kwenye ukaguzi, mkaguzi alimwonya kwamba breki zimeanza kutu, zikanyagwe mara kwa mara, la sivyo mwaka huu litafeli. Kwa hiyo mimi kila mteremko nakanyaga.” Halafu akauliza kwa upole wa kweli, na huo upole ndio ulioniua. “Ina maana wewe hakukuambia?”

Wifi akakohoa. “Nyamaza, utaharibu rangi ya mdomo.”

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa akitazama nje, akipangusa vumbi lisilokuwepo kwenye goti.

“Ulijua,” nilisema. “Siku ile sebuleni kwa baba mdogo, ulijua litafeli.”

“Ulikubali mwenyewe. Tena ulitaka mashahidi.”

“Mwaka mzima uliniambia nisiguse.”

“Keki zako zilifika au hazikufika?” Akageuka sasa, na hakuwa na aibu hata chembe. “Uliendesha vizuri, umekula vizuri. Leo saa hizi litafeli tena, nitalichukua, na wewe utafute kibanda uuze maandazi. Maandazi hayaogopi mashimo.”

Wifi alicheka. Kidole naye, baada ya kusita, akacheka kumsindikiza bwana wake.

Hawakujua kuhusu ile barabara ya nyuma ya maghala. Hawakujua habari za mlinzi na rungu lake. Kwao breki zilikuwa bado zimekufa, na mguu wangu ulikuwa bado mtiifu.

Mteremko ulikuwa umetushika. Chini, taa za makutano zikageuka nyekundu. Magari ya upande wa pili yakaanza kukatiza.

Nikaweka gia huru.

“Unafanya nini?” mume wangu aliuliza. Gari, lililozoea kujizuia lenyewe, likaanza kukimbia. “Achia... umelifanya nini? Litasimamaje?”

“Kwani breki zina nini?” nilisema.

Nikawaacha waonje mteremko. Wifi alianza kuita majina ya Mungu. Shela likatulia. Mume wangu akashika dashibodi kwa mikono miwili, na nikaona kwenye uso wake kitu nilichokuwa na njaa nacho tangu siku ya ndoo ya siagi. Aliogopa. Nilifurahi, na sitaki kuwaficha kwamba nilifurahi.

Hatua chache kabla ya mstari wa kusimama, nikakanyaga.

Gari lilisimama papo hapo, pua chini, kama jana. Keki haikusimama. Iliruka kutoka magotini kwa wifi, ikapita katikati ya viti, ikatua kisogoni kwa mume wangu na kumpakaa mpaka kwenye suti. Kidole alilala na shela lake juu ya kiti cha mbele. Jina lake, nililoliandika juu kama walivyotaka, lilikuwa limenata kwenye kioo cha mbele, kasoro herufi moja.

“Zinashika,” nilisema. “Kituoni tunapita.”

Nilitaka niione sura ya wifi, kwa hiyo nikainua macho kwenye kioo cha nyuma.

Nyuma ya sura ya wifi niliona taa moja imezungushiwa utepe mwekundu wa gundi.

Lile lori la mchanga lilikuwa linashuka mteremko ule ule, limejaa, na stika yake mpya inang'aa kwenye kioo. Dereva alikuwa amesimama karibu wima ndani, mguu wake unapiga chini, unapiga, unapiga, na lori halipungui. Honi yake ikaanza kulia. Haikuwa ya kuaga.

Mbele yangu magari yalikuwa yakikatiza bila nafasi. Nyuma yangu mchanga ulikuwa unakuja.

Mume wangu aligeuka, krimu inamtiririka sikioni, akaliona.

“Achia mguu!” alipiga kelele. “Achia mguu, Mama Keki! Achia mguu, weka gia, twende!”

Yalikuwa maneno yale yale, na mkono wake ulikuwa umeshika goti langu pale pale alipolishika siku ya kwanza. Mara ile niliyatii, yakaninyang'anya kila nilichokuwa nacho. Honi ilikuwa imeshajaza gari zima. Mguu wangu ulikuwa juu ya breki, na nilikuwa bado sijaamua kama nitauachia.